Mtoto Anayesemewa: Historia ya Taswira ya Utoto katika Filamu na Televisheni ya Kiswahili, kwa Kutazamia Buguruni

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mtoto na utoto vilivyosawiriwa katika filamu na televisheni nchini Tanzania, tangu filamu za majaribio za Vugiri za miaka ya 1930 hadi vipindi vya katuni vya muongo wa 2010. Hoja kuu ni kwamba historia hiyo haifahamiki vyema kwa kuhesabu watoto walioonekana kwenye skrini. Inafahamika kwa kuchunguza lugha waliyopewa: nani anasema, anasema na nani, na kwa Kiswahili cha wapi. Kwa kipimo hicho, makala yanabainisha nafasi tatu za mtoto: mtoto kama mfunzwa, mtoto kama ushahidi wa kosa la mtu mzima, na mtoto kama msemaji. Nafasi ya tatu imechelewa kupatikana na bado ina mipaka. Buguruni, kata ya Wilaya ya Ilala jijini Dar es Salaam, imechukuliwa kuwa mahali pa kutazamia historia hii kwa sababu watoto wa maeneo ya aina hiyo wamekuwa watazamaji wakubwa wa picha ambazo hazikuwahusu.

Istilahi muhimu: utoto, filamu ya Kiswahili, televisheni, majibizano, uswahilini, Buguruni

1.0 Utangulizi

Katika mitaa ya Buguruni, kuanzia Malapa hadi Kwa Mnyamani, mtoto hulelewa mbele ya macho ya watu wengi. Nyumba za Kiswahili zina wapangaji kadhaa, ua ni mmoja, na anayepita barazani ana haki ya kumtuma mtoto dukani au kumkanya. Malezi hayo yana sarufi yake. Mtoto huanza kwa shikamoo. Akiitwa, wa kike huitika abee na wa kiume huitika naam. Huambiwa asidakie mazungumzo ya wakubwa. Wakati huohuo, mtoto huyohuyo akiwa na wenzake sokoni, uwanjani au kando ya reli, ni msemaji hodari mwenye utani, mafumbo na majina ya kubandika. Ana lugha mbili ndani ya Kiswahili kimoja, ile ya kuitikia na ile ya kusema.

Utafiti kuhusu sanaa za maonesho nchini Tanzania umezungumza sana kuhusu mwanamke, uchawi, UKIMWI na siasa katika filamu. Mtoto ametajwa pembeni, mara nyingi kama sehemu ya mada hizo. Makala haya yanamweka katikati. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: kati ya lugha mbili za mtoto wa mtaa, skrini imemruhusu aitumie ipi? Jibu lake lina uzito unaovuka mipaka ya uhakiki wa sanaa. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18, na inampa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayohusu ustawi wake. Jamii isiyozoea kumsikia mtoto akisema katika hadithi zake inaweza kushindwa kuitambua haki hiyo hata ikiwa imeandikwa.

2.0 Utoto kama Dhana na Msamiati Wake

Mwanahistoria Mfaransa Philippe Ariès, katika kitabu chake cha mwaka 1960, alidai kwamba utoto haukuwa ukweli wa kibiolojia pekee, bali ni dhana iliyojengwa na jamii katika vipindi mahususi. Hoja yake imekosolewa, hasa kwa sababu aliutegemea mno ushahidi wa picha za kuchorwa za matabaka ya juu. Hata hivyo, iliwafungulia njia wanasosholojia kama Allison James na Alan Prout (1990), waliosisitiza kuwa watoto ni watendaji katika maisha ya jamii na si viumbe wanaosubiri kuwa watu wazima. Ukosoaji dhidi ya Ariès una faida kwa makala haya: picha haioneshi utoto ulivyokuwa, huonesha utoto ulivyotakiwa kuonekana na wale waliokuwa na uwezo wa kuichora au kuipiga.

Kiswahili chenyewe kinahifadhi ushahidi wa dhana hiyo. Neno mtoto halitaji umri tu, hutaja pia uhusiano na nafasi. Mtu wa miaka 50 ni mtoto wa fulani. Mtoto wa mjini ni mtu yeyote mwerevu wa mambo ya jiji. Kiambishi cha ngeli kikibadilishwa, kitoto huweza kudunisha au kubembeleza, na utoto hutumika kumkaripia mtu mzima kwamba aache utoto. Methali nazo humweka mtoto katika hali ya kutendwa. Samaki hukunjwa angali mbichi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Katika methali hizo mtenda ni mzazi, na mtoto ni shamirisho. Hata ile isemayo kuwa mtoto akililia wembe apewe humpa sauti ya kulia tu, kisha humwachia kovu liwe fundisho.

Jiji la Dar es Salaam limeongeza tabaka jingine la msamiati. Mgawanyo wa kikoloni wa uzunguni, uhindini na uswahilini uliacha maneno ambayo yameishi kuliko sheria zake. Uswahilini leo ni Buguruni, Manzese, Tandale na Tandika: makazi ya msongamano, ya watu wa kipato cha chini. Upande wa pili ni ushuani, kwa watoto wa kishua, na kuna mtoto wa geti kali, ambaye mlango wa nyumba yao haufunguki ovyo. Kwa hiyo, msemaji wa Kiswahili cha Dar es Salaam anaposema mtoto, humweka pia kwenye ramani ya jiji. Ramani hiyo ndiyo ufunguo wa kuzisoma filamu zitakazojadiliwa.

3.0 Mtu Mzima Aliyefanywa Mtoto: Filamu za Kikoloni

Historia ya filamu za kielimu nchini ilianzia Vugiri, katika milima ya Usambara, ambako mradi wa majaribio ya sinema ya elimu kwa Wabantu uliendeshwa kati ya 1935 na 1937. Wasimamizi wake, L. A. Notcutt na G. C. Latham, walitengeneza filamu fupi zaidi ya 30 kuhusu kilimo, kodi, akiba ya posta na afya, kisha wakaeleza uzoefu wao katika kitabu cha mwaka 1937. Miongoni mwa filamu hizo kulikuwa na iliyohusu malaria kwa watoto wachanga. Mtoto, basi, aliingia kwenye skrini ya Tanganyika mapema. Aliingia akiwa mgonjwa, amebebwa, na asiye na la kusema, ilhali somo lilielekezwa kwa mama yake.

Hata hivyo, mtoto halisi si ndiye mtoto mkuu wa filamu za kikoloni. Mtoto mkuu alikuwa Mwafrika mtu mzima. William Sellers, aliyeongoza Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilichoanzishwa mwaka 1939, alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika alihitaji picha za mwendo wa polepole, zenye tukio moja baada ya jingine na zisizo na hila za kamera, kwa madai kuwa akili yake haikuzoea kusoma picha. Katika makoloni kadhaa ya mashariki na kusini mwa Afrika, taratibu za ukaguzi ziliwaweka Waafrika watu wazima karibu na watoto wa Kizungu lilipokuja suala la filamu zisizowafaa. Utoto ulikuwa daraja la kisiasa. Aliyeitwa mtoto alikuwa yule ambaye wengine walijipa haki ya kumsemea.

Filamu za Kiswahili za mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilizotengenezwa na kampuni ya Afrika Kusini kwa ushirikiano na serikali ya Tanganyika, ziliendeleza mtazamo huo kwa mtindo wa vichekesho. Katika Muhogo Mchungu (1952), mtu wa shamba anafika Dar es Salaam na kukumbana na wajanja wa mjini. Kichekesho kinategemea ugeni wake: ni mtu mzima aliyerudishwa katika hali ya kutojua, na jiji ndilo mlezi mkali. Mwigizaji wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, mtumishi wa idara ya maendeleo ya jamii na kiongozi wa wafanyakazi, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa nchi huru. Mtu aliyeigiza ujinga wa mtu wa shamba kwa maelekezo ya wengine alikuja kuwa miongoni mwa waliodai kwamba watu wake hawakuwa watoto wa kuongozwa na mtu. Ndiyo maana suala la nani ni mtoto kwenye skrini halijawahi kuwa dogo nchini Tanzania.

4.0 Mwana wa Mwizi: Mjadala Uliotoka India

Wakati serikali ikitengeneza filamu za kufunza, wakazi wa Dar es Salaam, Zanzibar na Tanga walikuwa wakilipa viingilio kuona filamu za kuwaburudisha. Laura Fair (2018) ameonesha jinsi kumbi za sinema zilivyokuwa sehemu ya maisha ya miji ya pwani na jinsi filamu za Kihindi zilivyopendwa na watazamaji wa asili zote. Mojawapo ya zilizokumbukwa zaidi ni Awaara (1951) ya Raj Kapoor.

Filamu hiyo inastahili nafasi katika historia ya utoto nchini kwa sababu kiini chake ni swali kuhusu mtoto. Jaji anaamini kwamba mwana wa mwizi lazima awe mwizi. Anamfukuza mkewe mjamzito, na mtoto anayezaliwa anakulia kwenye umaskini wa mtaani, anashindwa kuendelea na shule na kuangukia mikononi mwa jambazi anayemfunza wizi. Mtazamaji wa Kiswahili hakuhitaji kujua Kihindi ili aelewe dai la jaji, kwa kuwa lugha yake ina methali isemayo mtoto wa nyoka ni nyoka. Vilevile alikuwa na jibu la upande wa pili: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Awaara iliziweka methali hizo mbili mahakamani na kuzifanya zishindane.

Mambo mawili yanaitofautisha filamu hiyo na zile za Vugiri. Kwanza, umaskini wa mtoto umepewa sababu ya kijamii. Haukutokana na ujinga wa mama. Pili, mtoto ana historia. Tunamfuata kutoka utotoni hadi utu uzima, na makosa yake ya ukubwani yanarudishwa kwa watu wazima waliomkataa. Kwa watazamaji wa Kariakoo na Ilala, ambako watoto waliuza karanga na kung'arisha viatu, taswira ya mtoto wa mjini anayetafuta mkate ilikuwa karibu zaidi kuliko taswira yoyote iliyopigwa nchini kwao kwa Kiswahili. Ajabu ya historia hii ni kwamba mtoto wa kwanza wa skrini aliyefanana nao aliongea lugha wasiyoifahamu.

5.0 Mtoto kama Jeraha la Mtu Mzima

Baada ya uhuru serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ikaweka ukaguzi chini ya bodi. Filamu za masimulizi zilizotengenezwa zilikuwa chache. Miongoni mwa zilizovuka mipaka ya nchi, utoto una nafasi ya pekee: hauonekani kama maisha yanayoendelea, bali kama jeraha linalokumbukwa.

Arusi ya Mariamu (1985), ya Ron Mulvihill na Nangayoma Ng'oge, inamhusu mwanamke anayeugua maradhi ambayo hospitali haiyawezi, na anayewaogopa waganga wa jadi kwa sababu ya yaliyotokea utotoni mwake. Tiba yake inapitia kumbukumbu hiyo. Maangamizi (2001), ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania tuzo ya Oscar, inalipeleka wazo hilo mbali zaidi. Samehe, mgonjwa katika hospitali ya akili, amenyamaza tangu alipomshuhudia baba yake akimuua mama yake kwa moto. Jina lake ni kitenzi cha kuamuru: mtoto aliyedhulumiwa anaitwa kwa amri ya kuwasamehe waliomdhulumu. Ukimya wake ni kauli nzito kuliko maneno mengi ya filamu hiyo. Lakini kwa mtazamo wa makala haya ni muhimu kuona kwamba mtoto aliyeshuhudia hakupewa nafasi ya kusimulia. Anayesimuliwa ni mwanamke aliyekua na ukimya huo, na wanaoutafsiri ni daktari kutoka Marekani na bibi wa kimizimu.

Muongo wa 2000 uliongeza aina mbili za mtoto huyu. Ya kwanza ni yatima wa UKIMWI, aliyewekwa mbele katika Tumaini (2005) ya Beatrix Mugishagwe. Nchini, mchezo wa redio Twende na Wakati ulikuwa umeanza kuzungumzia UKIMWI tangu 1993, na neno yatima, ambalo katika mafunzo ya Kiislamu lina uzito wa haki na mali ya mtoto, lilianza kutumika katika lugha ya miradi kama jina la kundi la walengwa. Filamu ilikuwa na kazi ya kumrudishia yatima sura na jina.

Aina ya pili ni mtoto mwenye ualbino. White Shadow (2013) ya Noaz Deshe, iliyotunukiwa tuzo ya filamu bora ya kwanza ya mwongozaji katika tamasha la Venice, inamfuata mvulana anayeitwa Alias. Baba yake anauawa, na mama yake anamtuma mjini kwa mjomba wake Kosmos, nafasi iliyoigizwa na mchoraji katuni James Gayo, anayejulikana kwa mhusika wake Kingo. Alias anauza miwani, diski za filamu na simu barabarani. Hapa mtoto yuko kazini, anajifunza maneno ya biashara, anadanganya na kudanganywa, anapenda na kuogopa. Jina lake maana yake ni jina linalotumika badala ya jina halisi, nalo linamfaa mtoto ambaye wanaomwinda wanakataa kumwita mtu. Kamera ya Deshe imekaa usawa wa macho ya mtoto kuliko ya filamu zilizotangulia. Pamoja na hayo, filamu hiyo ilisifiwa Venice zaidi ya ilivyotazamwa Buguruni. Kwa mtazamaji wa ugenini, Alias alikuwa ushahidi wa ukatili ulioripotiwa katika Kanda ya Ziwa. Mtoto anayewekwa kuwa ushahidi huulizwa jambo moja tu: alitendwa nini. Anayoyataka, yanayomchekesha na anayoyafahamu hubaki nje ya ushahidi huo.

Filamu ya karibuni zaidi inalionesha tatizo hilo kwa upande mwingine. Katika riwaya ya Adam Shafi ya Vuta N'kuvute (1999), Yasmin anaozwa kwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali akiwa bado msichana mdogo wa miaka 15. Filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 inamwonesha kama mwanamke kijana, na uzito wake uko kwenye mapenzi na harakati za ukombozi wa Zanzibar. Uamuzi huo una sababu zake za kisanaa, lakini unaondoa mbele ya macho ya mtazamaji swali ambalo riwaya ililiuliza, wakati swali lenyewe lilikuwa hai nchini: ni mwaka 2019 tu ambapo Mahakama ya Rufani ilikubaliana na hukumu ya Mahakama Kuu ya 2016 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu wasichana kuolewa chini ya miaka 18 vinakinzana na Katiba.

6.0 Mtoto wa Kishua Kwenye Kibanda Umiza

Televisheni ilianza Zanzibar katika miaka ya mwanzo ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Vikundi vya sanaa kama Kaole vilipata nafasi ITV, na kutokana na tamthilia hizo na upatikanaji wa kamera za video lilizaliwa wimbi la filamu za Bongo. Girlfriend (2003) ya George Tyson hutajwa mara kwa mara kuwa mwanzo wake. Soko la filamu hizo lilikuwa Kariakoo, ambako kanda, na baadaye diski, ziliuzwa kwa jumla na kusambazwa nchini kote na nchi za jirani.

Buguruni ilizipokea katika kumbi ndogo zinazojulikana kama vibanda umiza: chumba chenye giza, mabenchi, televisheni moja na kiingilio kidogo. Mtoto aliyefukuzwa kwenye baraza la wakubwa alipata baraza jingine huko. Kibanda kilikuwa pia shule ya lugha. Wasimulizi kama Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, walizifasiri filamu za Kichina, Kihindi na Kimarekani kwa Kiswahili cha mtaani, wakieleza, wakitania na kuongeza. Matthias Krings (2015) ameichambua kazi hiyo kama namna ya kuimiliki upya filamu ya kigeni. Kwa mtoto wa Buguruni, umilikaji huo ulikuwa na maana ya moja kwa moja. Filamu ya Hong Kong ilimfikia kwa Kiswahili kilichofanana na cha kaka yake, ilhali filamu ya Kiswahili ilimfikia kwa Kiswahili cha sebule asiyoijua.

Hii ndiyo tofauti kubwa ya filamu nyingi za Bongo. Mandhari yake ya kupendwa yalikuwa ushuani: jumba la ghorofa, sofa, gari uani, mfanyakazi wa ndani. Mtoto katika nyumba hiyo alikuwa mtoto wa geti kali. Kazi yake katika majibizano ilikuwa finyu: kusalimu, kuuliza baba yuko wapi, kuomba ruhusa, kulia wazazi wanapogombana, kutumwa chumbani mazungumzo yanapoanza kuwa ya maana. Hiyo ni lugha ya kuitikia. Mtoto aliwekwa kama kipimo cha uadilifu wa watu wazima, hasa pale mama wa kambo alipohitaji mtu wa kumtesa ili mtazamaji amchukie.

Steven Kanumba alilegeza mipaka hiyo. Katika Uncle JJ na This is It, filamu za karibu mwaka 2010, aliwaweka watoto wawili, waliojulikana kwa majina ya uigizaji ya Jennifer na Patrick, katika nafasi za mbele. Mafanikio yao yalitokana na kupewa zamu ndefu za kusema: kubisha, kukejeli, kupanga njama na kumjibu mtu mzima. Watazamaji walicheka kwa sababu kanuni ya nyumbani ilikuwa ikivunjwa mbele yao bila adhabu. Neno anko lenyewe lilibeba mabadiliko hayo. Mjomba, katika mila za jamii nyingi za pwani, ni mwenye mamlaka juu ya mtoto wa dada yake; anko wa mjini hutaniwa. Hata hivyo, ujasiri huo wa kusema ulibaki umefungwa katika nyumba ya kishua. Mtoto wa uswahilini aliyemcheka Patrick kibandani alijua kuwa maneno yaleyale, akiyasema uani kwao, yangeitwa utovu wa adabu. Skrini ilimwonesha kwamba haki ya mtoto ya kujibu ni sehemu ya samani za matajiri.

Baada ya soko la diski kudhoofika, tamthilia za vituo vya kulipia zimeirudisha kamera uswahilini. Mojawapo, Kombolela ya Azam, imechukua jina la mchezo wa watoto wa kujificha na kutafutana. Jina hilo ni mfano mzuri wa hoja ya makala haya: utoto umetoa sitiari, na watu wazima wameichukua kusimulia visa vyao vya mapenzi, mali na ujirani.

Kuna mtoto mwingine ambaye kipimo cha lugha kinamfichua. Buguruni ina shule ya viziwi inayofahamika sana. Filamu nyingi za Bongo zilitiwa manukuu ya Kiingereza ili zimfikie mtazamaji wa nje. Manukuu ya Kiswahili, ambayo mwanafunzi kiziwi wa Buguruni angeweza kuyasoma, hayakuwa desturi. Mtazamaji wa mbali alifikiriwa kabla ya jirani.

7.0 Mtoto Anayeuliza

Badiliko la wazi lilikuja kwa njia ya katuni. Mwaka 2014, TBC1 ilianza kurusha Ubongo Kids, kipindi cha hisabati na sayansi kilichobuniwa Dar es Salaam. Wahusika wake, wakiwemo Kibena, Kiduchu, Koba, Baraka na Amani, wanaishi Kokotoa, kijiji ambacho jina lake ni kitenzi cha kufanya hesabu. Mwaka 2016 kilifuata Akili and Me, kinachomhusu msichana wa miaka minne anayeingia katika nchi ya ndoto na kujifunza lugha, namba na sanaa pamoja na rafiki zake wanyama.

Kiisimu, jipya katika vipindi hivi ni aina ya tungo anazopewa mtoto. Anauliza maswali ya kwa nini na vipi, si ya wapi na lini pekee. Anakisia, anakosea, anasahihishwa na mwenzake, kisha anaeleza. Mtu mzima yupo, lakini jibu halitoki kwake kila mara. Ukilinganisha na filamu ya malaria ya Vugiri, mtoto amehama kutoka kuwa shamirisho la somo hadi kuwa mtenda. Msichana kuitwa Akili nako kuna uzito, kwani katika masimulizi mengi yaliyotangulia binti alisifiwa kwa utii.

Mipaka ipo. Kiswahili cha Kokotoa ni sanifu na safi, chenye kusikika sawa Dar es Salaam, Nairobi na Kigoma. Usanifu huo una faida ya ufundishaji, na watoto wa Buguruni wanauhitaji. Lakini unamfundisha mtoto pia kwamba fikra hufanyika kwa Kiswahili kimoja tu, na kwamba lugha yake ya sokoni, yenye hesabu za chenji, faida na mkopo, si lugha ya hisabati. Zaidi ya hapo, mtoto aliyezoea kuuliza kwa Kiswahili hadi darasa la mwisho la msingi hukutana na Kiingereza sekondari, na wengi hurudi katika kuitikia. Skrini imempa mtoto kauli ambayo shule inampokonya miaka michache baadaye.

Filamu za Kenya zinaonesha uwezekano mwingine. Katika Soul Boy (2010) ya Hawa Essuman, mvulana wa Kibera anapewa majukumu ya kuiokoa nafsi ya baba yake, na katika Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina, msichana mgonjwa asiye na tumaini la kupona anaota kuwa shujaa, na kijiji kizima kinaingia katika ndoto yake. Filamu zote mbili zinachanganya lugha kama watu wanavyozichanganya, na hazimsafishi mtoto kabla ya kumpa maneno. Katika Supa Modo mgonjwa si jeraha la mtu mzima. Yeye ndiye anayewaongoza watu wazima kuelewa namna ya kuagana.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefuatilia taswira ya mtoto kwa karibu miaka 80. Yameonesha kwamba nafasi ya mfunzwa, iliyowekwa na filamu za kikoloni, ilihusu pia watu wazima waliofanywa watoto kisiasa. Kwamba nafasi ya ushahidi ilitawala filamu zilizosifiwa nje, ambamo utoto uliheshimiwa kwa kadiri ulivyoumizwa. Na kwamba nafasi ya msemaji ilijitokeza kwanza katika vichekesho vya ushuani, kisha katika katuni za elimu. Mtoto halisi wa uswahilini, anayeigizwa na mtu na si kuchorwa, anayesema Kiswahili cha mtaa wake kuhusu mambo anayoyafahamu, bado ni nadra.

Upungufu huo hautokani na uchache wa watoto wenye kipaji wala na umaskini wa lugha. Unatokana na mazoea ya kuandika miswada ambamo mtoto huwekwa ili mtu mzima aonekane mwema au mbaya. Kazi ya watafiti wa Kiswahili ni kuyarekodi na kuyachambua mazungumzo halisi ya watoto wa mijini, ili mwandishi wa filamu apate hazina zaidi ya shikamoo na ndiyo mama. Kazi ya vituo vya televisheni ni kuweka manukuu ya Kiswahili. Kwa upande wa sheria, haki ya mtoto kusikilizwa imeshaandikwa. Kinachosubiriwa ni hadithi zitakazowazoesha watu wazima kumsikia akiitumia.